Kushusha matarajio kwa Mungu: ni kukua kiimani au ni kukata tamaa?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa Wakristo wenzangu, hili tulijadili kwa kuheshimiana.

Kuna mahubiri yanayovuma kwetu kila korosho zinapoanza kudondoka: panda mbegu ya sadaka, kiri kwa kinywa chako, msimu huu Mungu anakufungulia. Bei ikianguka mnadani, au ugonjwa wa ubwiriunga ukila maua ya mikorosho, mkulima anaambiwa imani yake ilipungua. Akijibu kwamba siku hizi anaomba afya na uvumilivu, habari ya bei ameiacha, anaambiwa amerudi nyuma.

Mimi nasema hajarudi nyuma. Mtazameni Yohana Mbatizaji. Alihubiri kwamba shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, halafu akajikuta gerezani huku Herode, mtawala aliyemfunga, yuko kwenye kiti chake. Akatuma wanafunzi wamuulize Yesu: wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine? Jibu likarudi kwamba vipofu wanaona na viwete wanatembea. Kuhusu mlango wa gereza, hakuna neno. Yohana akakatwa kichwa humo humo. Lakini Yesu hakumwita mtu wa imani haba; aliuambia umati kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko yeye. Mathayo 11, someni yote. Na Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba, yaani mateso ya mwilini mwake, umtoke, haukutoka.

Sasa mnieleze msimu wa 2018. Wanunuzi walitoa bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, Serikali ikatangaza itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wengi wakashukuru. Kisha malipo yakachelewa, watu wakahangaika na ada za shule. Hapo maombi yalijibiwa au hayakujibiwa? Bei ya korosho inategemea pia wanunuzi wa India na Vietnam, mavuno yanategemea mvua na salfa, dawa ya ubwiriunga, iliyofika kwa wakati. Kumbebesha mama wa Tandahimba lawama kwamba imani yake ndiyo iliyoshusha bei ni ukatili, hata ukifanywa madhabahuni.

Ila na upande wa pili siukubali. Mjamzito amefariki njiani kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, nasi msibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Hapo makosa yapo, tena ya watu, na waulizwe. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wa Ndanda huku kwetu Mtwara, walijenga kanisa, wakajenga na hospitali. Hawakuona kwamba kutibu ni kukosa imani. Tena Zaburi ya 13 inaanza kwa kumlalamikia Mungu waziwazi: hata lini? Anayelalamika hivyo bado anatarajia kusikilizwa. Ninayemwogopea ni yule aliyeacha kabisa kuomba, akawa anakuja ibadani kwa mazoea tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: matarajio ya bei, cheo na gari tuyashushe, maana hatukuahidiwa. Matarajio kwamba Mungu yupo nasi na anasikia, hayo tusiyaguse.

Wachungaji mliomo humu, aliyepanda mbegu akakosa, mnamwambia nini Jumapili inayofuata? Nanyi mnaosema kila jambo ni mapenzi ya Mungu, mgonjwa wenu akizidiwa usiku mnaomba nini hasa?