Mjadala: Mwalimu akihisi mtoto ana mahitaji maalumu, amwambie mzazi lini na kwa maneno gani?

Mleta mada, Iringa: Kamwene wadau. Kuna walimu wanaosubiri mpaka upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili ndipo wamwite mzazi. Wako sahihi?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Rungwe: Hapana, wanachelewa. Ila usimwite mzazi mikono mitupu. Andika kwa wiki nne: tarehe, kazi uliyompa, alichofanya, kilichomsaidia. Wakati huohuo chuja sababu nyingine. Aliyelelewa na bibi kwa Kinyakyusa mpe maelekezo yaleyale kwa Kinyakyusa; akiyafuata, shida ni Kiswahili. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini, maana miezi ya baridi mafua hayaishi na masikio hujaa usaha. Mkalishe mbele uone kama sasa ananakili ubaoni. Angalia na mahudhurio: aliyeshinda shambani msimu wote wa viazi huwezi kumpima kwa daftari.

Mzazi, Mafinga: Mwalimu, neno la kwanza ndilo linaloharibu. Ukishatamka "mzito" au "taahira", yanayofuata hatuyasikii tena. Na msituambie kwenye kikao cha wazazi, watu wote wanasikiliza! Tena ukianza na "kitengo", yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, mzazi anaelewa mtoto anafukuzwa.

Mwalimu wa elimu maalumu, Mbeya mjini: Mama, nakuunga mkono kuhusu matusi na faragha, lakini maneno laini kupita kiasi yanamgharimu mtoto. Ukisema "atachangamka tu", mzazi anarudi nyumbani na mwaka unapita. Anza kwa kumuuliza: akitumwa vitu viwili dukani, analeta vyote? Huitika akiitwa kutoka chumba kingine? Kisha fungua daftari, mwonyeshe anachoweza, halafu anapokwama. Sema wazi: "Naomba apimwe masikio na macho." Jina la tatizo usilitaje, hiyo ni kazi ya wataalamu. Mpe barua ya kwenda hospitali yenye ulichokiona, mpange tarehe ya kurudi ndani ya siku 14. Bila tarehe, barua inabaki kabatini.

Mwalimu wa Rungwe: Barua na tarehe nakubali. Naongeza moja: usimwite mama peke yake. Akifika nyumbani ataambiwa ugonjwa umetoka ukoo wao. Aje na baba, au na bibi anayemlea mtoto, wote wayasikie kutoka kwako. Kama baba anashinda kwenye mashamba ya chai, mpangie Jumamosi.