Moshi wa karakana ya Mjomba

Zuhura: Shikamoo Mjomba Hamisi. Geti ulilotutumia picha jana ni zuri, lakini macho yangu yamebaki kwa msaidizi wako Idi, aliyeinama kushika bomba huku moshi ukimpanda usoni, naye amejifunga kipande cha kanga puani.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Kuchomelea nimeanza miaka 26 iliyopita, tena nachomelea nje, chini ya mwarobaini, na kila jioni sikosi pakiti ya maziwa ya kusafisha kifua.

Zuhura: Mjomba, maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, njia hizo hazikutani. Moshi ule ni metali iliyogeuka mvuke kwa ukali wa joto, kisha ikaganda hewani kuwa chembe ndogo mno ambazo kanga haiwezi kuzizuia. Mwaka 2017 wataalamu wa kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kilichoko Lyon, waliuweka moshi huo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, walimo tumbaku na asbesto, na saratani waliyoithibitisha ni ya mapafu.

Shangazi Mwanaidi: Nilidhani ni kwa wanaochomelea chuma kisichoshika kutu peke yao.

Zuhura: Chuma hicho kina kromiamu na nikeli, ambazo ni hatari kwa namna yake, Shangazi, lakini hata moshi wa chuma cha kawaida cha madirisha umo katika kundi hilo. Wakaguzi wa usalama kazini wa Uingereza walitangaza mwaka 2019 kwamba hata anayechomelea nje avae kinga ya pumzi.

Mjomba Hamisi: Kwani ile ngao ya uso haitoshi?

Zuhura: Ngao hulinda macho na ngozi, moshi huingia kwa chini. Inafaa barakoa yenye kichujio inayobana pande zote za uso, tena msimame upepo ukitokea ubavuni, ili moshi usipite mbele ya pua. Na sigara, Mjomba, inaongeza hatari juu ya hatari.

Mjomba Hamisi: Sigara tutaizungumza ana kwa ana. Barakoa nitanunua mbili, Idi aanze yeye, maana Alhamisi tuna mabomba yaliyopakwa zinki.

Zuhura: Basi ondoeni zinki kwanza pale mtakapounga, mkiwa mmevaa barakoa. Huenda moshi wa zinki ndio unaokuletea ile homa ya usiku unayoiita malaria.