Tupeane uzoefu: wapiga vyombo mliohamia kwenye biti za kompyuta ukubwani, ilikuwaje?

Solo wa Magomeni:
Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa wale ambao mkono tayari unajua kazi, umepiga gitaa, kinanda, tumba au tarumbeta miaka na miaka, bendi au kanisani, halafu ukubwani ukaamua kujifunza kutengeneza muziki kwenye kompyuta. Wale wa "nimepakua FL Studio jana naanzia wapi" nyuzi zenu zipo kibao, hapa tuachieni wazee.

Naanza mimi. Nimepiga solo kwenye bendi za dansi hapa Dar, za hotelini na za baa, mpwa wangu ndio akaniwekea programu. Nikachomeka gitaa kwenye tundu la maiki, napiga, sauti inatoka nyuma yangu. Ni kidogo sana lakini mtu wa sebene anaisikia hapohapo, vidole vinaanza kusita. Kumbe ni bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inajaza kwanza ndipo iitoe. Ukiiacha sampuli 1024 kwenye kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde hapo tayari una milisekunde 23 za kuchelewa kabla hujahesabu mengine, ukiishusha 128 inabaki kama 3, ila kompyuta dhaifu ukiishusha hivyo inaanza kukwaruza. Saundi kadi ya nje yenye dereva yake ya ASIO, yaani programu ya kuipitisha sauti haraka kwenye Windows, ndio dawa, ASIO4ALL ya bure inasogeza siku tu. Kama mnaniuliza mimi, mpiga chombo anunue hiyo kabla ya spika na kabla ya plagini (programu za nyongeza za sauti) yoyote. Dogo anayechora noti kwa mausi hata hajui kama kuna tatizo, sisi ndio linatuua.

Jambo lingine, lupu. Kila mtu anakwambia rekodi baa nne (baa ya muziki, yale mafungu ya mapigo) kopi bandika. Mimi gitaa la rizimu naipiga mwanzo mpaka mwisho wa wimbo, maana solo inaishi kwa vile rizimu inavyobadilikabadilika, ukiirudia ileile solo inakosa wa kuongea naye. Haya karibuni.

Fidla Mkunazini:
Salaam alaykum jamani. Mie napiga fidla kwenye taarab, Unguja. Shida yangu haikuwa wakati, ilikuwa sauti zenyewe, kompyuta imekuja na noti 12 na sie tunazo zilokaa katikati. Ukipiga Rast, moja ya skeli za Kiarabu tunazotumia, kutoka C, ile E si E kamili wala si E bemoli (iliyoshushwa nusutoni), na B hivyohivyo. Ukiipiga kwenye kibodi kama ilivyo mtu yeyote aliyekulia taarab anakunja uso.

Wapiga vinanda wetu wanazo zile kibodi zenye vitufe vya kushusha noti robo, wao hawana habari. Kwenye programu nikaanza na pichi bendi, ile amri ya kupandisha au kushusha sauti ya noti. Katikati yake ni 8192, na kama imewekwa ya nusutoni mbili basi robotoni chini ni 6144, unaichora kwa mkono chini ya kila noti. Ila inashusha traki nzima, kwa hiyo kanuni, kile chombo chetu cha nyuzi nyingi, inayopiga noti mbili kwa pamoja huiwezi mpaka uzigawe traki mbili mbili, kazi ya kukonda hiyo. Kijana mmoja akanionyesha Surge XT, sinthesaiza ya kompyuta ya bure kabisa, unaipa faili la skeli la aina ya Scala na noti zote zinakaa zinapotakiwa. Siku hiyo nilicheka peke yangu chumbani.

Na fidla yenyewe sijaiweka ya kompyuta mpaka leo. Sampo za fidla (sauti zilizorekodiwa tayari) ni nzuri kwa muziki wa Kizungu, ule mtelezo wetu wa kuingia kwenye noti haumo. Besi, ngoma na pazia la sauti la nyuma natengeneza, fidla naipiga mwenyewe.

Mzee wa Zamani:
Mimi naona mnajidanganya tu, huo sio muziki ni kubofya. Mtu kapiga ala miaka 30 leo anakaa kuchora viboksi?

Solo wa Magomeni:
Mzee shikamoo. Herbie Hancock alikuwa mpiga piano wa Miles Davis miaka ya 60, kufika miaka ya 70 yumo kwenye sinthesaiza mpaka shingoni na piano hakuitupa. Na hapahapa kwetu mchiriku ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio vya kuchezea watoto, watu wakavifungia spika wakajaza uwanja.

Tumba Kavu:
Nimecheka "viboksi" maana ndio vilivyonitesa. Mimi ni mtu wa tumba na drums, nimekulia kwenye ngoma za uswahilini, unafungua ile programu unakuta vibox 16 vimejipanga vinne vinne, sasa ngoma zetu nyingi zinaenda kwa tatu tatu utaziweka wapi? Jibu ni kuachana na vile vibox, ingia kwenye piano roll (ukurasa wa kuchora noti) weka snap (mistari ya kunasa noti) ya theluthi ya biti, unapata 12 kwa baa, ngoma inakaa vizuri kabisa

halafu kuna velositi, nguvu ya kila pigo. Inaanzia 1 mpaka 127, na programu inakuwekea kila pigo nguvu ileile. Tumba haipigwi hivyo, kuna pigo la kiganja, la ncha za vidole, na yale madogo ya kujazia ambayo huyasikii ila yakitoka unajua kimetoka kitu. Mimi yale madogo naweka 25 hadi 40, ya wazi 110 kwenda juu. Na kwantaizi, ile ya kusogeza mapigo yakae kwenye mstari, usiweke asilimia 100, weka 50 au 60, inavuta yaliyopotea bila kuua mkono wako. Ila singeli ndio ilinikalisha chini, pale tempo ni 200 na kitu hadi 300, mkono wa binadamu haufiki, mkono wako uzoefu wako weka pembeni, unabaki na sikio tu. Wale vijana wa studio ya Sisso ya hapa Dar wanachanganya lupu kwa namna ambayo hakuna mpiga ngoma angeifikiria na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ikaitoa kazi yao ikaenda dunia nzima. Nilikuwa nawadharau, sasa hivi naenda kuwasikiliza na daftari

Kinanda Buruburu:
Niko Nairobi, nimecheza kinanda church tangu utotoni. Wasee wa church tunajaza. Mkono wa kushoto besi, wa kulia kodi za vidole vitano, pedali imekanyagwa, kwa sababu mara nyingi uko peke yako na kwaya. Sasa nikaanza kutengeneza gospel ya amapiano, ule mtindo wa Afrika Kusini, kila kitu kikasikika kama kiko ndani ya blanketi. Pale chini log drum, ile besi ya kudunda ya amapiano, inataka nafasi yote, halafu kodi zangu zimejaa huko kwa 200 hadi 300 Hz. Nilijaribu kukata na EQ (kile cha kupunguza masafa ya sauti) wee, hakuna. Kilichosaidia ni kunyamazisha mkono wa kushoto kabisa na wa kulia kupiga noti tatu tu, moja iwe ya saba au ya tisa, nikapandisha oktavu moja. Miksi ikafunguka yenyewe. Mpaka leo mkono wa kushoto naukalia, sifanyi mzaha.

Tarumbeta:
Wakuu mimi nimepanga chumba kimoja, kuta zinapokea kila kitu, tarumbeta narekodi wapi?

Fidla Mkunazini:
Fungua kabati la nguo, ligeukie, puliza ndani ya nguo, maiki iweke pembeni kidogo isipigwe na pumzi moja kwa moja. Mchana si usiku. Na mwenye nyumba mwambie mapema, kabla hajasikia mwenyewe.