Naomba ushauri: namna ya kuandika "elfu" kwa maneno kwenye fomu za mkopo bila kuacha utata

Katibu wa Kikoba (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katika mkutano uliopita nilipewa kazi ya kuandika upya fomu ya mkopo, stakabadhi na kanuni zetu, ili kila kiasi cha fedha kionekane kwa tarakimu na kwa maneno. Kazi ilionekana nyepesi mpaka mweka hazina aliponirudishia fomu ya mwanachama aliyeomba shilingi 150,000. Nilikuwa nimeandika "shilingi laki moja na hamsini", kama tunavyosema wote sokoni na kwenye daladala, naye akashikilia kwamba mtu asiyetufahamu akisoma maneno hayo peke yake anaweza kuelewa shilingi 100,050. Nilipobadilisha na kuandika "elfu mia moja na hamsini", akasema utata ni ule ule.

Tangu hapo kila kiasi ninachokiandika nakitilia shaka. "Elfu ishirini na tano" ni 25,000, au ni 20,000 ukiongeza shilingi tano? Je, 2,500 iandikwe "elfu mbili na mia tano" au "elfu mbili mia tano"? Juu ya hayo, mzee mmoja wa kikundi, ambaye tunamheshimu sana, ameleta hoja kwamba "elfu" ni neno la Kiarabu na kwamba kanuni zetu zitumie neno la asili, yaani "kikwi". Wanachama wengi hawajawahi kulisikia.

Naomba mwongozo kutoka kwa wanaojua uhasibu na wanaojua sarufi, kwa sababu fomu zinakwenda kuchapishwa na sitaki zirudi tena.

Mhasibu Mstaafu (Moshi)

Ndugu Katibu, mweka hazina wenu mshukuruni. Watu wengi huamini kwamba tarakimu ndizo zenye nguvu na kwamba maneno ni pambo, kumbe katika hundi mambo ni kinyume chake. Sheria za hati za malipo za Tanzania na Kenya zilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, na kanuni iliyomo ni kwamba pale maneno na tarakimu zinapotofautiana, kiasi kinachopaswa kulipwa ni kile kilichoandikwa kwa maneno. Kwa kawaida benki itairudisha hundi ya namna hiyo badala ya kubahatisha, lakini kanuni inakuonyesha uzito wa maneno. Fomu yenu si hundi, ila siku mwanachama na kikundi wakifikishana mbele ya baraza, karatasi itasomwa kwa jicho hilo hilo.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona kubwa kuliko ya kutoelewana, nayo ni ya kughushi. Chukua fomu iliyoandikwa "shilingi elfu ishirini", kisha nafasi ikaachwa wazi mbele yake. Mwenye nia mbaya anahitaji kuongeza maneno mawili tu, "na tano", na kwenye tarakimu kuigeuza sifuri ya kwanza kuwa 5. Deni la 20,000 limekwisha kuwa 25,000, na mwandiko hauonyeshi lolote. Lakini ukiandika "shilingi ishirini elfu", neno elfu linakuwa kama komeo: atakayeongeza "na tano" baada yake ameongeza shilingi tano tupu. Ndiyo maana katika miaka yangu yote ya vocha nilipendelea kuiweka idadi kwanza na elfu nyuma yake, na kumaliza na neno "tu" pamoja na mstari mpaka ukingoni mwa karatasi. Anza pia kuandika mara tu baada ya neno "shilingi", usiache upenyo wa mtu kuchomeka "mia" mbele.

Mwalimu wa Kiswahili (Tanga)

Naomba kuchangia upande wa sarufi, kwa sababu watu hudhani kwamba utata huu ni udhaifu wa Kiswahili, wakati lugha yenyewe ina namna ya kuuondoa na ni neno "shilingi" linaloificha.

Tarakimu za moja hadi tano pamoja na nane hupatana na nomino inayohesabiwa: watu wawili, vitabu vitatu, miti minane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: watu sita, vitabu saba, miti tisa. Sasa angalia kinachotokea tukifika kwenye maelfu. Nikisema "watu elfu ishirini na tano", ile tano haina kiambishi cha watu, hivyo inahesabu elfu, na jumla ni watu 25,000. Nikisema "watu elfu ishirini na watano", ile tano imevaa wa-, kwa hiyo inahesabu watu wenyewe, na jumla ni 20,005. Vivyo hivyo kwa "vitabu elfu kumi na viwili" na "vitabu elfu kumi na mbili", ambapo tofauti ni ya karibu vitabu elfu mbili na yote imebebwa na silabi moja.

Shilingi, kwa bahati mbaya, imo katika ngeli ya I-ZI, ambamo tarakimu hizi hazionyeshi kiambishi: shilingi mbili, shilingi tano, shilingi nane. Tano inayohesabu elfu na tano inayohesabu shilingi zinafanana kabisa, na hapo ndipo mweka hazina wenu anapopata hoja. Hata kwa watu msaada huo hauna uhakika, maana "watu elfu ishirini na saba" haitoi dalili yoyote. Saba haivai kiambishi popote.

Dawa yake katika maandishi rasmi ni kurudia jina la cheo cha hesabu. "Laki moja na elfu hamsini" haiwezi kuwa 100,050. Na kama kweli mtu anadaiwa 100,050, andika "shilingi laki moja na shilingi hamsini". Neno "na" likifuatwa na jina la cheo au jina la fedha, msomaji hana pa kupotelea.

Kuhusu 2,500, "elfu mbili na mia tano" na "elfu mbili mia tano" zote zinatumika, na sioni sababu ya kugombana. Chagueni moja mwifuate katika karatasi zote. Jambo la kuangalia ni lingine. Msiache kamwe neno "moja" baada ya elfu. Mtu akisema "elfu na mia tatu" anamaanisha 1,300, lakini ile "na" ikimezwa inabaki "elfu mia tatu", ambayo ni 300,000. Kwenye mazungumzo tunacheka na kusahihishana, ila kwenye fomu andika "elfu moja na mia tatu" kwa kiasi cha kwanza na "laki tatu" kwa cha pili.

Nina neno moja kwa Mhasibu, kwa heshima zote. "Ishirini elfu" inaniumiza sikio. Elfu inafanya kazi kama nomino, ndiyo maana tunasema "maelfu ya watu", na katika Kiswahili idadi hufuata nomino. Hatusemi "mbili vikapu".

Mhasibu Mstaafu (Moshi)

Mwalimu, shikamoo, na hoja yako naipokea. Sikio lako litaumia kidogo ili mfuko wa kikundi upone. Lakini niko tayari kukutana nawe katikati: kwa kiasi kamili kama 20,000 au 50,000, waandike "elfu ishirini tu" na wapige mstari wa kufunga papo hapo. Kwa viasi kama 25,000 au 37,000, ambavyo kurudia cheo kunavifanya virefu na vya ajabu ("elfu ishirini na elfu tano"), waandike "ishirini na tano elfu".

Mwalimu wa Kiswahili (Tanga)

Marahaba, ndugu yangu. Kwa viasi hivyo nakubali, maana hata mimi sijapata namna fupi iliyo bora zaidi.

Mdau wa Nakuru

Hamjambo jirani zetu. Huku kwetu "ishirini na tano elfu" haimshtui mtu. Utaisikia bungeni, sokoni na kwenye matanga wakati michango inatangazwa. Hata "mia mbili elfu" inasemwa, ingawa "laki mbili" ndiyo inayopendwa kwa ufupi wake.

Ninachotaka kuongeza ni tahadhari juu ya maneno ya mtaani. Katika makundi ya akiba ya huku nimeona daftari za mahudhurio na faini zikiandikwa "ngiri mbili" au "thao moja". Ngiri imetoka katika Kikuyu, ambamo maana yake ni elfu. Thao imetoka kwa Waingereza na kukatwa mkia. Nyinyi mna "buku" kwa elfu moja na "jero" kwa mia tano. Kwa kuzungumza ni maneno matamu, na mimi huyatumia kila siku, lakini katika karatasi ya deni hayafai hata kidogo, kwa sababu kila mji na kila rika lina yake. Kijana wa Nairobi na mama wa Songea wakipewa fomu yenye "buku tatu", mmoja wao atadhani anaulizwa habari za vitabu. Vilevile ile herufi K ambayo watu huandika kwenye simu, "50K", izuieni kwenye kanuni kwa kifungu kabisa.

Mkaazi wa Unguja

Assalamu alaykum. Nimesubiri mtu aigusie hoja ya mzee na sijaona, basi naingia mimi.

Mzee wenu apewe haki yake kwanza: kikwi ni neno la kweli la Kiswahili, na maana yake ni elfu. Limo katika makamusi ya zamani, na wingi wake, vikwi au zikwi, unakutana nao katika tungo za kale. Elfu, au alfu kama wanavyotamka baadhi ya wazee wa pwani, limetoka katika Kiarabu, na lilikuja pamoja na ukoo wake mzima. Mia ni Kiarabu. Ishirini, thelathini, arobaini na wenzake mpaka tisini ni Kiarabu pia. Kabla yake watu walihesabu "makumi mawili", "makumi matatu". Kulikuwa hata na "miteni" kwa mia mbili, kwa sababu Kiarabu kina umbo maalumu la vitu viwili, na miteni bado unaweza kuisikia kwa watu wazima wa visiwani.

Lakini mzee akianza kufagia, hatajua pa kuishia. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu vilevile. Tisa ina mwenzake wa Kibantu, kenda, ambaye bado yuko hai, ilhali sita na saba zimekwisha kuwafunika wenzao. Laki si ya Kiarabu kwa asili, ni ya Kihindi, na haishangazi kuikuta hapa: wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokodishwa forodha ya Unguja enzi za Sayyid Said, na rupia ilitumika Zanzibar mpaka shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Neno pesa nalo ni la huko huko Bara Hindi. Hela limebaki kutoka kwa sarafu ya Wajerumani walipotawala Tanganyika. Shilingi yenyewe ni ya Waingereza. Kwa hiyo fomu itakayosafishwa namna hiyo itakuwa na kikwi, lakini haitakuwa na fedha.

Ushauri wangu ni kwamba kikwi liandikwe kwenye risala, kwenye utenzi wa sherehe ya kikundi, au liwe jina la kikundi kidogo cha akiba, na mzee mwenyewe aombwe awaeleze vijana. Fomu ya deni iandikwe kwa neno ambalo mkopaji analijua bila kuuliza, na neno hilo ni elfu. Noti zote mbili, ya Tanzania na ya Kenya, zinaandika "Shilingi Elfu Moja".

Katibu wa Kikoba (Morogoro)

Nawashukuruni nyote, na shikamoo kwa wakubwa. Nimezungumza na mzee, nikamsomea maneno ya ndugu wa Unguja. Amecheka, kisha akasema jina la kikundi cha vijana atalidai. Rasimu ya kifungu nimeiandika hivi, naomba mnisahihishe kabla haijakwenda kwa mchapaji:

"Kila kiasi kitaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Maneno yataanza mara baada ya neno shilingi na kumalizika kwa neno tu, likifuatwa na mstari mpaka ukingoni. Pale ambapo laki na maelfu yamo pamoja, kila cheo kitatajwa kwa jina lake. Maneno ya mtaani na vifupisho havitakubaliwa. Mifano: 20,000, elfu ishirini tu; 25,000, ishirini na tano elfu tu; 150,000, laki moja na elfu hamsini tu; 1,300, elfu na mia tatu tu."

Mwalimu wa Kiswahili (Tanga)

Rasimu ni nzuri, ila mfano wa mwisho umekosa "moja". Andika "elfu moja na mia tatu tu". Ongeza pia mfano wa 125,000, kwa sababu hapo kanuni zako mbili zinakutana na makatibu wasaidizi watauliza: "laki moja na ishirini na tano elfu tu".

Mhasibu Mstaafu (Moshi)

Naafiki. Ongeza na kifungu cha masahihisho: anayekosea kuandika asifute wala asipake wino mweupe. Akate kwa mstari mmoja, aandike upya juu yake, kisha mkopaji na mweka hazina waweke sahihi zao pembeni. Pia agiza kwa mchapaji nafasi ya maneno iwe ya mistari miwili, maana "laki tatu na sabini na nane elfu na mia tano tu" haienei kwenye mstari mmoja wa fomu za kawaida.