Hospitali ya wilaya kando ya barabara ya Tunduma: maandalizi ya maafa yaanzie wapi?

Kandete
Habari za kazi wakuu. Kamati ya maafa ya hospitali moja ya wilaya huku Mbeya inapanga matumizi yake. Kuna jenereta moja ya kVA 60 (kVA ni kipimo cha nguvu ya umeme), oksijeni ya mitungi mikubwa inayoletwa kwa gari, na tanki la maji la lita 10,000 juu ya mnara. Malori ya mafuta ya kwenda Zambia yanapita getini usiku na mchana. Fedha haitoshi kufanya yote kwa mkupuo. Kipi kitangulie? Naomba vipimo na hatua. Mpango wa kwenye makaratasi upo tayari.

FundiTiba
Anzeni na vitu vinavyoweza kuanguka, ndiyo kazi ya gharama ndogo kuliko zote. Mbeya iko pale Bonde la Ufa la Rukwa linapokutana na la Nyasa. Mwaka 1910 Rukwa ilipata tetemeko la ukubwa unaozidi 7, na Desemba 2009 ardhi ya Karonga nchini Malawi, ng'ambo tu ya Kyela, ilitikisika mara kwa mara. Jengo linaweza kubaki wima na wodi isiingilike kwa sababu kabati la dawa limelala mlangoni.

Mtungi wa aina ya J, ile mikubwa ya hospitali, ukijaa unazidi kilo 70. Ukifungwa mnyororo mmoja katikati, kitako kinateleza na mtungi unachomokea chini. Minyororo iwe miwili, theluthi moja kutoka chini na theluthi moja kutoka juu, na kila mtungi uwe na yake. Mkifunga mitano kwa pamoja, siku mkitoa mmoja minne inabaki imelegea. Usiotumika uvikwe kofia yake, maana kichwa kikivunjika gesi inaurusha kama kombora. Grisi isiguse regaleta (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) hata kidogo: oksijeni ya presha kubwa ikikutana na mafuta, moto unalipuka bila kiberiti.

Kandete
Asante mkuu. Ukuta wa stoo ni wa bloku zenye matundu, boliti zinang'oka.

FundiTiba
Basi achaneni na ukuta. Chomeleeni fremu ya chuma, muikaze kwa boliti kwenye sakafu ya zege, mitungi ifungwe humo. Kwenye tanki, bomba la kutoka mnarani liwekewe kipande cha mpira kinachopinda pale linapoingia jengoni, na koki ya kufungia chini ya mnara. Bomba gumu likikatika hapo, lita zote 10,000 zinamwagika.

Mafinga_Mitambo
Nakubali kuhusu mitungi, ila mimi ningetanguliza jenereta, kwa sababu umeme unakatika mara nyingi kuliko ardhi kutetemeka. Likigoma kuwaka, kagueni betri kwanza, hasa Juni na Julai kwenye baridi hili. Betri ya volti 12 iliyotulia isome kama 12.6, ikiwa chini ya 12.4 ichajiwe. Wakati wa kupiga stata, ikishuka chini ya 9.6, badilisheni.

Kuliwasha dakika tano kila Ijumaa bila mzigo, yaani bila kulisha umeme popote, kunaliumiza: injini haipati joto, masizi yanajaa kwenye ekzosi. Mara moja kwa mwezi libebeshwe mzigo halisi wa wodi na chumba cha upasuaji kwa dakika 30. Dizeli ni kama lita 12 kwa saa kwenye robo tatu ya mzigo, hivyo saa 72 ni zaidi ya mapipa manne ya lita 200. Toeni maji kwenye chujio, maana baridi ya usiku inaleta unyevu ndani ya tanki. Na injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukuma hewa ndani ya injini) inapungua nguvu kwenye mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700. Msiihesabie kVA zote 60.

Nesi_Makambako
Kwa hospitali ya barabarani naogopa zaidi ajali ya lori la mafuta. Majeruhi wanaoweza kutembea ndio wanaofika kwanza, kwa bodaboda na bajaji, wanajaza vitanda vya dharura; mahututi wanafika baadaye na kukuta hakuna nafasi. Kwa hiyo uchambuzi, yaani kupanga nani atibiwe kwanza, ufanyike getini, si ndani. Anayetembea apewe kadi ya kijani na apelekwe mbali, hata chini ya mti wa OPD (idara ya wagonjwa wa nje). Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiye na mapigo kwenye kifundo cha mkono, au asiyefuata amri rahisi, ni nyekundu, anatangulia kutibiwa. Waliobaki ni njano. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, nyeusi. Kadi ifungwe mkononi, kamwe si kwenye nguo, kwa kuwa nguo zitakatwa.

Halafu hesabuni maji ya mishipa. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 ya mwili anahitaji Ringer (maji ya chumvi ya kudungwa mishipani) lita 3.6 hadi 7.2 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza, zinazohesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika. Majeruhi kumi wa namna hiyo ni chupa 72 za nusu lita kwa uchache kabisa.

Kandete
Dada, stoo ina chupa 40 kwa hospitali nzima. Oda inaandikwa leo, na minyororo inaingia humo humo.