Je, ninakimbilia kwa Mungu au ninaikimbia nyumba yangu?

Mama wa Tandahimba ameuliza:

Wazee wangu, shikamooni, na ninyi ndugu wengine nawasalimu kwa amani. Mume wangu alipatwa na kiharusi mwezi wa Juni mwaka jana, wakati mikorosho inakaribia kutoa maua, na yeye ndiye aliyekuwa akishika mashine ya kupulizia dawa ya salfa. Ugonjwa wa ubwiri unga ukayashika maua, mavuno yakawa machache, na sehemu ya hayo machache niliiuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu, kabla ya minada kufunguliwa, kwa sababu nauli na dawa havikuweza kungoja malipo ya chama cha msingi. Hadi leo mkono na mguu wake wa kulia havina nguvu, na maneno humtoka kwa shida.

Katika hali hiyo nilifanya kile nilichofundishwa na mama yangu tangu utotoni: nilikimbilia kwa Mungu. Ninahudhuria ibada ya asubuhi, maombi ya Jumatano, na kila Ijumaa ninakesha kanisani hadi alfajiri. Pale ninapata pumzi, lakini nikirudi nyumbani pumzi ile inakatika mlangoni. Wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha tatu, ambaye ndiye anayemgeuza baba yake kitandani ninapokuwa kwenye mkesha, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mama, unakimbilia kwa Mungu, au unatukimbia sisi?" Sikumjibu, na hata sasa sijamjibu.

Zaburi ya 46 inasema kwamba Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, nami ninaliamini neno hilo. Naomba mnieleze: mtu atajuaje kwamba anamkimbilia Mungu, na si kwamba anazikimbia shida zake akitumia jina la Mungu? Na ikiwa mume wangu hatapona, je, itakuwa ni kwa sababu sikuwa na imani ya kutosha, kama alivyonidokezea mwombaji mmoja?

Katekista mstaafu, Masasi:

Mwanangu, pole sana. Swali la binti yako ni zito, lakini usilichukue kama shtaka, kwa kuwa mtoto asiyempenda mama yake asingeuliza hivyo.

Mimi humfikiria Nabii Eliya. Alikimbia kwa hofu ya Yezebeli, akaingia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Hakuwa anamkimbilia Mungu wakati ule. Alikuwa anakimbia tu, na bado Mungu alimfuata huko huko alikokimbilia. Tena tazama jinsi alivyomhudumia: hapakuwa na mahubiri wala karipio, bali malaika alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani, na ilimrudisha kwenye kazi yake ikimpa Elisha wa kumsaidia. Kwa hiyo, mkesha unaokurudisha nyumbani ukiwa na nguvu ya kumgeuza mgonjwa ni kimbilio. Ukiona kila wiki unarudi umechoka zaidi na hutaki hata kumtazama, pumzika, ule, ulale, maana hata hayo Eliya aliyapokea kutoka kwa Mungu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitazami ni miji ya makimbilio katika Kitabu cha Yoshua. Ilikuwa miji sita, mitatu kila upande wa Yordani. Mtu aliyeua bila kukusudia alikimbilia huko, akasimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari yake, nao wakampokea na kumpa mahali pa kukaa. Mungu aliyeweka kimbilio lile aliweka ndani yake wazee, nyumba na majirani. Hata kanisa letu hapa Masasi lilianza hivyo mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika kutoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nao wakasali, wakajenga na kulima pamoja. Je, wazee wa kanisa lako umewaeleza kwamba usiku wa Ijumaa mgonjwa hubaki na mtoto wa shule? Nina wasiwasi kwamba umemweleza Mungu peke yake, na watu wake hawajui.

Mzee wa Mingoyo, Lindi:

Binti yangu, mimi ni Mwislamu, lakini kwetu Kusini ukoo mmoja huwa na msikiti na kanisa ndani yake, kwa hiyo naomba uniruhusu niseme.

Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaakub alilia hadi macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe walipomlaumu aliwajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshtakia Mwenyezi Mungu tu. Aya inayofuata, ya 87, inamwonyesha akiwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mashtaka kwa Mungu na safari ya kutafuta vimekaa bega kwa bega. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi, lakini ukaribu wa aya hizo niliuona mwaka niliomzika mke wangu.

Sisi Wamwera mwenye shida humwendea mjomba. Mjomba wa mume wako yuko wapi? Palizi ya mikorosho isikushinde ilhali ukoo upo.

Dada wa Shangani, Mtwara mjini:

Dada yangu, nitajibu swali lako la pili, kwa kuwa linaniuma. Tarehe 25 Aprili 2019 tulikuwa tunangoja kimbunga Kenneth hapa Mtwara. Maduka yalifungwa, wa mabondeni waliambiwa wahame, nasi tulisali siku nzima. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Jioni tulimshukuru Mungu kwa nyimbo, kisha shangazi yangu, ambaye ana ndugu kule Msumbiji, akauliza kama wale hawakusali. Nyimbo zilikoma.

Tangu siku ile siwezi kukubali kwamba anayepona ndiye aliyeamini na asiyepona hakuamini. Zaburi uliyoitaja inasema hatutaogopa ijapobadilika nchi. Haisemi kwamba nchi haitabadilika. Huyo mwombaji amekutwika mzigo ambao Mungu hakukutwika.

Muuguzi, Newala:

Mama, nimewaona wagonjwa walioacha dawa za presha baada ya kuombewa, wakarudi kwetu na kiharusi cha pili. Msali na ameze dawa. Ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na mkono ule unyooshwe kila siku kama mtakavyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Binti yako anafanya kazi kubwa sana, naomba umwambie hivyo.

Mama wa Tandahimba:

Nimewasoma wote mara tatu, na mara ya mwisho nilimsomea mume wangu kwa sauti. Mzee alipotaja mjomba, aliguna na kuinua mkono wa kushoto. Mjomba wake yuko Kitama, na kwa kweli nilikuwa naona aibu kumpigia kwa sababu ya habari ya kangomba. Nimempigia leo.

Ijumaa hii sitakwenda kanisani. Mama wawili wa umoja wetu wamesema watakuja kusali hapa nyumbani, na binti yangu atalala mapema. Muuguzi, naomba kuuliza: hizo saa mbili ni hata usiku wa manane?

Muuguzi, Newala:

Ndiyo mama, hata usiku. Wekeni zamu.