Uso wa Kristo wa Claude Mellan (1649): chapa ya bamba la shaba au nakala?

Mshumaa_wa_Nta
Wakuu, nauliza kuhusu chapa ya Kitambaa cha Veronika (mwanamke anayesimuliwa kumpangusa Yesu uso) ya mchongaji Mfaransa Mellan, ile ambayo uso wa Yesu umechorwa kwa mstari mmoja unaozunguka kuanzia ncha ya pua. Karatasi imekatwa kingo zote, alama ya bamba (mbonyeo unaoachwa na kingo za bamba la shaba) haipo. Je, hiyo inatosha kusema ni nakala? Na mstari mmoja unatoaje kivuli?

BambaJekundu
Haitoshi. Chapa nyingi za karne ya 17 zilipunguzwa kingo ili zibandikwe kwenye albamu, na alama ikaenda na kingo. Tena alama yenyewe hughushiwa kwa kukandamiza bamba tupu. Chukua lenzi ya mara 10. Ukiona vinukta vimejipanga, ni kazi ya mashine, umemaliza. Ukiona mstari mzima mweusi, zima taa ya juu, laza tochi ubavuni mwa karatasi: wino wa bamba husimama kama tuta, kwa kuwa karatasi yenye unyevu ilisukumwa na roli mpaka ndani ya mfereji uliochongwa kwenye shaba. Wino wa lithografia (uchapaji wa kutoka jiwe laini lisilochongwa) umelala bapa.

Kivuli kinatokana na kina. Chombo cha kuchongea kikizama zaidi kwenye shaba, mfereji unapanuka na kubeba wino mwingi. Kikiinuliwa kidogo, mstari unabaki unywele. Mkono hutulia, bamba ndilo huzungushwa juu ya mto wa ngozi wenye mchanga. Mwiba wa taji na tone la damu ni mstari uleule ulionenepa. Chini Mellan kaandika FORMATVR VNICVS VNA, wa Pekee ameumbwa kwa mstari mmoja. Veronika tunamjua kwenye kituo cha sita cha Njia ya Msalaba, si kwenye Injili. Muujiza wake ni sura iliyojichapa bila mkono wa mtu, na Mellan ameufanya uonekane. Kwangu hakuna chapa ya enzi ile inayoifikia hii.

Karatasi_Kuukuu
Mtego mmoja: nakala za karne ya 19 zilizohamishiwa kwenye shaba kwa upigaji picha, kisha kuchimbwa kwa asidi. Nazo zina tuta la wino. Tazama pale mstari unaponenepa: kingo za mchongo wa mkono ni laini, za asidi zimetafunika. Halafu inua karatasi dirishani. Karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mipana iliyoachana kama sm 2.5. Mashavu yakiwa yamepauka na mstari unakatika, huenda bamba lilikuwa limechakaa. Mstari ulio mwembamba ndio hufutika kwanza.

Mshumaa_wa_Nta
Asante sana. Nyuma kuna mkanda wa gundi. Nivute?

Karatasi_Kuukuu
Hapana, utang'oa uso wa karatasi. Mwachie mhifadhi wa karatasi. Usiipige pasi pia, lile tuta litalala na ushahidi umepotea. Kwenye fremu, ishikilie juu tu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu ya kadibodi isiyo na asidi. Ukiibandika pande zote, unyevu ukipanda itavimba na kujikunja.